911 yapanda upande mmoja na asubuhi imelala: tafuta kwanza mafuta yanakwenda wapi

SWALI: Niko Lubumbashi, mtaa wa Golf. Nina Porsche 911 Carrera S ya 2017 yenye mfumo wa kuinua ekseli ya mbele. Iliteremshwa Durban, ikapandishwa lori mpaka Kasumbalesa. Tangu mvua ziishe, nikibonyeza kitufe upande wa kulia unapanda vizuri, wa kushoto unafika nusu. Nikiiacha imeinuliwa usiku, asubuhi naikuta pua imeshuka. Pampu nayo inalia muda mrefu kuliko zamani. Fundi mmoja anataka tubadilishe shokapu zote mbili za mbele. Mwingine anasema niongeze tu mafuta ya breki kwenye kitangi. Nimfuate nani? Na je, naweza kwenda nayo Kolwezi ikiwa katika hali hii?

JIBU: Ndugu, kwa leo usimfuate hata mmoja. Wa mafuta ya breki mkatalie kabisa. Wa shokapu mwombe asubiri siku moja. Dalili zako tatu zinaweza kuwa ugonjwa mmoja: mafuta ya mfumo hayafiki yanakotakiwa, au yakifika hayakai. Kabla hujatuma dola Johannesburg kuagiza kifaa chochote, ujue kwanza mafuta hayo yanakwenda wapi. Kipimo chake kinataka futi yenye milimita, selotepu na usiku mmoja.

Mfumo wenyewe si mgumu. Kwenye 911 ya toleo lako, lililotangazwa mwaka 2015, kuna silinda ya haidroliki ndani ya kila strati ya mbele (ile nguzo yenye springi na shokapu). Pampu ya umeme inasukuma mafuta, silinda zinarefuka, na mdomo wa chini wa bampa unapanda milimita 40 kwa sekunde 5 hivi. Hakuna mifuko ya hewa wala kompresa, kwa hiyo anayekwambia "upepo umepungua" anazungumzia gari jingine. Kushuka hakuhitaji pampu: valvu inafunguka na uzito wa gari unayarudisha mafuta kwenye tangi. Hapo ndipo pa kushika. Gari ikiwa juu, mafuta kwenye tangi yanapungua, ikishuka, yanarudi. Asiyelijua hili huangalia tangi gari ikiwa imeinuliwa, anaona mafuta yako chini, anajaza mpaka juu, na gari ikishuka tangi linafurika. Usawa wa mafuta husomwa ekseli ikiwa imeshuka kabisa, basi.

Kuhusu mafuta ya breki. Mifumo ya namna hii hutumia mafuta ya haidroliki, mengi yakiwa ya sinthetiki ya jamii ya CHF yenye rangi ya kijani. DOT 4 ya breki ni ya glikoli, kitu tofauti kabisa. Sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) iliyotengenezwa kwa ajili ya moja haivumilii jingine: inavimba, inalainika, inapoteza umbo, halafu inavuja. Wiki ya kwanza mambo yanaweza hata kuonekana mazuri, kwa sababu sili iliyovimba inaziba kwa muda. Ukishaingia mwezi wa pili unanunua silinda mbili na mpira wote. Mafuta mekundu ya giaboksi nayo usiyatie kwa kubahatisha. Fuata maandishi ya kwenye kifuniko cha tangi na kitabu cha gari, si rangi. Na kama fundi yule ameshamimina, hata nusu kikombe tu, usibonyeze kitufe tena: kwanza tangi linyonywe likauke, lisuuzwe kwa mafuta sahihi, kisha ndipo pampu iguswe.

Kipimo cha usiku mmoja

Egesha kwenye sakafu tambarare ya saruji, si kwenye mteremko wa geti. Upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia. Shusha ekseli mpaka mwisho, nyoosha usukani, sukuma gari mbele na nyuma kama mita moja ili magurudumu yakae yanavyotaka. Sasa pima kutoka kitovu cha gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, pande zote mbili, uandike. Usipime kutoka ardhini. Tairi lililoisha au sakafu iliyobonyea itakudanganya.

Bandika selotepu kwenye tangi mahali mafuta yalipofika: alama ya 1. Kama plastiki imefifia, mulika tochi kutoka nyuma na utaona mstari. Washa injini, inua, pima tena kwenye fenda, weka alama ya 2. Zima gari, peleka ufunguo mbali nayo. Baada ya saa 10 hadi 12, kabla hujafungua hata mlango, pima tena na weka alama ya 3.

Usishtuke ukiona fenda imepanda milimita 30 tu badala ya 40. Ile 40 ni ya mdomo wa bampa, ambao uko mbele ya ekseli, na gari inazunguka kwenye magurudumu ya nyuma. Kati ya ekseli na ekseli kuna milimita 2,450, mdomo uko kama milimita 800 zaidi mbele, hivyo 40 kule inakuwa takriban 30 kwenye gurudumu. Mafundi wengi wametangaza mfumo mzima kuwa mbovu kwa kutojua hesabu hii. Na kushuka milimita 1 au 2 usiku si ugonjwa. Mafuta yaliyopata joto mchana husinyaa yakipoa, na usiku wa Juni au Julai Lubumbashi unapoa kweli. Ikiwa kushoto na kulia zinatofautiana zaidi ya milimita 5 zikiwa juu, au usiku umekula zaidi ya 5, hapo kuna kazi.

Linganisha sasa. Gari imeshuka, na alama ya 3 imepanda kuelekea ya 1: mafuta yamerudi tangini kwa ndani, valvu haizibi. Gari imeshuka lakini alama ya 3 imebaki palepale kwenye ya 2: mafuta yametoka nje, kuna mahali panavuja, hata kama sakafu ni kavu, maana mikunjo ya mpira wa vumbi (ule unaoikinga silinda na uchafu) inaweza kushika mafuta mengi kabla tone la kwanza halijaanguka. Gari haikushuka hata kidogo, ila kushoto kumebaki nusu: si mvujo, ni kizuizi au hewa upande huo. Zikichanganyika, anza na mvujo wa nje. Tangi lenye upungufu hunyonya hewa, na hewa huiga magonjwa mengine yote.

Ukinitaka nikisie kabla ya vipimo, nitaanzia silinda ya kushoto. Umesema imeanza mvua zilipoisha. Tope jekundu la Katanga likiingia kwenye mpira wa vumbi uliochanika, wakati wa mvua ni tope tu; ukianza ukavu linageuka tofali. Kila unapobonyeza kitufe, sili inapita juu ya hilo tofali. Upande huo unakuwa mzito, mafuta yanakwenda kwanza kulia ambako njia ni nyepesi, na sili iliyochubuka inaanza kutoa. Uzito wa dereva usiusingizie: kama usukani uko kulia, kama magari mengi yanayotoka kusini, wewe unakalia upande ule unaopanda vizuri.

Kuona mvujo ulipo

Ondoa gurudumu la kushoto, gari ikiwa kwenye stendi mbili imara. Jeki peke yake haitoshi, na kuinuliwa na mfumo wenyewe si kuwa salama. Mtu asiingize kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na mafuta. Safisha strati yote, mabomba na viungio kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Nyunyizia poda ya mtoto kwenye kiungio cha bomba na kuzunguka silinda. Mtu mmoja abonyeze kitufe, wewe simama kando utazame kwa tochi. Mafuta yakitoka, poda inageuka rangi mara moja, na unaona alama ya unyevu inaanzia wapi. Kama gari halikubali kuinua likiwa kwenye stendi, rudisha gurudumu, shusha, inua na shusha mara mbili tatu chini, kisha ondoa tena uangalie poda.

Usipapase kwa kidole. Ndani mna shinikizo kubwa, na tundu dogo kama la sindano linaweza kupenyeza mafuta chini ya ngozi. Jeraha hilo linaonekana dogo na linapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Tumia kipande cha katoni.

Tenga pia mvujo wa silinda na mvujo wa shokapu. Mafuta ya shokapu kwa kawaida ni ya rangi ya asali na hutokea pale fimbo inapoingilia. Ya kuinulia, kama mfumo wako una yale ya kijani, utayatambua kwenye kitambaa cheupe. Shokapu ikiwa ndiyo inayovuja, fundi wako wa kwanza ana haki kwa nusu, lakini hiyo haielezi kwa nini pua inalala. Uzito wa gari unabebwa na springi, na shokapu inapunguza tu mitikisiko. Shokapu iliyokufa haishushi gari. Springi iliyovunjika mzingo wa mwisho ndiyo inayoshusha, na hiyo ingeonekana hata ekseli ikiwa chini, kwenye vile vipimo vyako vya kwanza.

Kama ni valvu

Alama ya 3 ikionyesha mafuta yamerudi tangini, tatizo liko kwenye bloku ya valvu karibu na pampu. Mara nyingi ni punje ya uchafu iliyokaa kwenye kiti cha valvu, iliyoingia siku mtu alipofungua tangi bila kufuta kifuniko. Jaribu kwanza lisilo na gharama: hakikisha mafuta yako kwenye usawa, inua na shusha mara 5, ukiipumzisha pampu dakika 2 au 3 kila mara. Mtiririko wakati wa kushuka wakati mwingine unaiondoa punje. Rudia kipimo cha usiku.

Isipotoka, valvu itolewe. Gari iwe imeshuka kabisa na betri imefunguliwa waya. Osha na kausha eneo lote kabla ya kulegeza hata skrubu moja. Kazi hii isifanyiwe barazani wakati upepo unapeperusha vumbi la barabara. Valvu isafishwe kwa mafuta yaleyale ya mfumo, si petroli wala dawa ya kusafishia breki, maana hizo zinakausha sili. Oringi mpya za ukubwa uleule na za mpira unaokubali mafuta hayo. Ukiona mkwaruzo kwenye kiti cha valvu, usijaribu kusaga. Bloku nzima inabadilishwa.

Kama mfumo wako una valvu ya kila upande, linganisha pia umeme wake. Zima gari, chomoa soketi zote mbili, pima omu za koili moja kisha nyingine. Zinatakiwa zikaribiane sana. Moja ikisoma mbali na mwenzake, au ikisoma kama waya uliokatika, umepata kwa nini kushoto kunabaki nyuma. Angalia na pini za soketi: kijani cha kutu ya shaba kwenye pini moja kinatosha kuleta dalili yako yote.

Pampu inayolia

Kabla ya kuilaumu pampu, pima umeme. Gari iliyokaa wiki nyingi melini na juu ya lori mara nyingi hufika na betri iliyochoka, na hapa umeme ukikatika chaja ya ukutani nayo inalala. Gari ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Injini ikiwa inaunguruma, kwenye betri utegemee 13.8 hadi 14.5. Sasa weka multimita kwenye soketi ya pampu yenyewe wakati inainua. Ikiwa betri ina 13.8 na pampu inapata 12 au chini, volti zimeliwa njiani: kiungio cha fyuzi kilichoungua, rilei, au waya wa masi (wa upande hasi) uliofungwa juu ya kutu. Upande wa masi upimwe peke yake, kutoka bodi ya pampu hadi nguzo hasi ya betri. Zaidi ya volti 0.2 wakati inafanya kazi, fungua bolti, kwangua mpaka chuma king'ae, funga tena.

Volti zikiwa nzuri na sauti ni ya kukwaruza au kububujika, pampu inakunywa hewa. Fungua kifuniko baada ya kushusha: povu kwenye tangi ndilo jibu. Volti nzuri, mafuta masafi, sauti laini, lakini inachukua sekunde 12 badala ya 5: hapo ndipo pampu iliyochakaa inapoanza kuzungumzwa. Usiijaribu mfululizo bila kupumzika. Mota hizi zimeundwa kwa kazi fupifupi, na kompyuta inaweza kuifunga ikihisi imepata joto, nawe ukadhani imekufa.

Matengenezo na kutoa hewa

Ikiwa ni bomba, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zina mafundi wa haidroliki wa mashine za migodi wanaobana mipira ya shinikizo kubwa kuliko hili. Peleka bomba la zamani kama sampuli, dai kipenyo cha ndani kilekile na nyuzi zilezile za viungio, na lipulizwe safi ndani kabla ya kufungwa. Mpira wa kawaida uliokazwa kwa kolari usikubali, hata kwa siku moja.

Ikiwa ni sili ya silinda, hesabu inakuwa ngumu kidogo. Mara nyingi kifaa huuzwa kizima. Mafundi haohao wa migodi wanaweza kuchonga sili kwa kipimo, lakini waambie jina la mafuta kabla hawajachagua mpira, na ukuta wa silinda ukaguliwe kwa ukucha: ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili mpya itadumu majuma machache tu. Kwa mkwaruzo wa namna hiyo ningenunua kifaa kizima cha kushoto peke yake na kubadilisha mpira wa vumbi pande zote mbili. Kutoa strati kunahitaji kibanio halisi cha springi, nati mpya za juu, na nguvu za kukaza zinazoandikwa kwenye kitabu cha kazi. Springi iliyobanwa kwa minyororo imeua watu.

Baada ya kufungua sehemu yoyote, hewa lazima itoke. Tangi lijazwe mpaka alama ya juu ekseli ikiwa chini. Kama silinda ina skrubu ya kutolea hewa, anza na ile iliyo mbali zaidi na pampu. Vika mpira unaoonyesha ndani, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi abonyeze kitufe, fungua skrubu robo mzunguko, tazama mapovu, ifunge kabla pampu haijasimama, la sivyo hewa inarudi. Jaza tangi kila baada ya mara mbili. Likikauka mara moja unaanza upya. Mafuta yaliyotoka kwenye chupa yamwagwe, yasirudishwe. Ambako hakuna skrubu, hewa hutolewa kwa kuinua na kushusha mara kadhaa, na kwa Porsche kazi hiyo huongozwa na PIWIS, mashine ya Porsche ya kuchunguza gari, ambayo pia inasoma na kufuta kosa lililohifadhiwa. Mtafute mwenye nayo kabla hujafungua mfumo, si baada.

Maliza kwa kipimo kilekile cha usiku, kisha magurudumu yapimwe mwelekeo ekseli ikiwa chini.

Kwenye geti lako: inua kabla hujafika kwenye mteremko, gari likiwa linatembea polepole na usukani umenyooka. Gurudumu likiwa limebanwa na ukingo wa saruji haliwezi kusogea kando jinsi linavyotaka wakati gari linapanda, na upande huo unabaki nyuma. Jaribu hilo kwanza, huenda kushoto kwako kunabanwa na mfereji wa geti.

Kuhusu Kolwezi, ni kilomita zaidi ya 300 kwenda tu. Ukiona asubuhi pande zote mbili zimeshuka kabisa, vipimo vya fenda ni sawa na vile vya kwanza ulivyopima ekseli ikiwa chini, na hakuna mafuta kwenye diski wala pedi za breki, unaweza kwenda. Toa mkono kwenye kitufe mpaka urudi, na matuta ya Likasi uyavuke kwa upande, polepole. Ikiwa upande mmoja umegoma kushuka, usitoke mjini. Gari iliyoinuliwa imeshatumia sehemu kubwa ya nafasi ambayo gurudumu hushukia. Kwenye shimo shokapu inagonga mwisho wake, na magurudumu ya mbele yanakuwa yanatazama pengine. Na mafuta yakiwa yamefika kwenye breki, gari inakwenda garaji juu ya lori.